Kinyama Kikatwe Wapi? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye kidonda cha sehemu za siri ambacho si cha zinaa. Leo tukifuate kinyama chenyewe, yaani kipande cha ngozi cha kupimwa, tangu kinapokatwa hadi kinapowekwa chini ya hadubini.

Tuseme ni mama wa Dakawa, mkoani Morogoro, ashindaye kwenye majaruba ya mpunga, nguo mbichi, jua la bonde la Wami likimwakia. Amechubuka kinenani na kwenye mashavu ya uke. Ameshatumia dawa za magonjwa ya zinaa mara mbili, na mumewe kapewa zake. Nafuu hakuna, ila ugomvi umeingia nyumbani (hilo haliandikwi kwenye faili). Malengelenge hakuna aliyeyaona. Ngozi ya huko ni laini tena inasuguana. Lengelenge likitoka asubuhi, jioni limeshapasuka.

Kwa hiyo mkataji asiende katikati ya kidonda. Pale ngozi ya juu imeshakwisha, na daktari wa patholojia atarudisha jibu la kidonda tu, jambo ambalo mama alilijua tangu mwanzo. Akate ukingoni, au lengelenge bichi akilibahatisha.

Kinachotafutwa ni seli zilizoachana. Daktari wa ngozi Auspitz aliipa hali hiyo jina mwaka 1881: akantolisisi. Anayejenga kwa matofali ya udongo ataielewa haraka: tope la kuungia limesombwa na mvua, matofali ni mazima lakini hayashikani. Katika ugonjwa wa malengelenge uitwao pemfigasi vulgarisi, ufa hupita juu tu ya safu ya chini kabisa, na safu ile hubaki imesimama peke yake kwenye msingi. Katika ugonjwa wa Hailey-Hailey, ulioelezwa na ndugu wawili wa Marekani mwaka 1939, ukuta hulegea karibu wote, ila haujaanguka. Ugonjwa huu hurithiwa, na jasho na msuguano huuamsha. Ndiyo maana kumuuliza mama kama wazazi wake walisumbuliwa na michubuko ya namna hiyo ni kipimo muhimu, tena cha bure.

Hepesi nayo huachanisha seli, lakini huacha alama yake: seli kubwa zenye viini vingi vilivyobanana. Asiyeiona atadhani ni pemfigasi, atoe prednisoloni na kuuchochea ugonjwa.

Pemfigasi huletwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinazoshambulia desmoglini, gundi ya seli. Kuziona kunahitaji kipimo cha mng'ao, na hicho hutaka kinyama cha pili, cha ngozi nzima iliyo jirani na kidonda. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: vyote viwili hutumbukizwa kwenye fomalini, na cha pili kimekwisha kazi. Kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya dripu, kifike maabara, tuseme ya Dar es Salaam, ndani ya siku moja. Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 200. Basi la alfajiri linawahi.

Na kabla ya ganzi, mama aombwe afungue kinywa. Pemfigasi mara nyingi huanzia humo, na vidonda vya kinywani huenda hajavitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Juma lijalo: dawa.