Mathare United: Klabu iliyochipuka kwenye jaa la taka

Mwulize shabiki wa soka wa Kenya klabu anayoipenda, na mara nyingi jibu lake litadokeza pia asili ya wazazi wake. AFC Leopards, iliyoasisiwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia, iliyoundwa mwaka wa 1968, zilijengwa na watu waliokuja Nairobi kutafuta kazi wakapanga vyumba Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na kwingineko Eastlands. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka wa 1980, majina yalibadilika lakini mapenzi yalibaki palepale. Kando ya vigogo hao kuna timu za mashirika na idara: Tusker ya kampuni ya bia, KCB ya benki, Posta Rangers, Ulinzi Stars ya wanajeshi. Hizo huishi kwa bajeti ya mwajiri.

Mathare United haina kabila wala mwajiri. Ilitokana na watoto wa mtaa wa mabanda, nao hawakuwa na cha kuchangia isipokuwa nguvu zao.

Mathare ni bonde lililochimbwa mawe ya kujengea jiji, kisha likajaa nyumba za mabati na udongo. Katika miaka ya 1980, taka hazikuwa zikizolewa. Zilirundikana vichochoroni, zikaziba mitaro na kuleta maradhi yaliyowaua hasa watoto wadogo. Watoto hao hao walicheza kabumbu kwa mpira wa makaratasi ya nailoni uliofungwa kwa kamba, uwanja wao ukiwa upenyo wowote waliouona. Mwaka wa 1987, Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira, aliafikiana nao: yeye angewasaidia kupata mipira na kuandaa ligi, ilimradi nao wafanye jambo kwa ajili ya mtaa wao. Ndivyo kilivyoanza Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha MYSA.

Jambo lenyewe lilikuwa kuzoa taka, na lililoufanya mpango huo udumu ni hesabu yake. Timu iliyoshinda mechi ilipata alama tatu, kama ilivyo kote duniani. Iliyomaliza kazi yake ya usafi ilipata sita. Kwa hiyo timu yenye washambuliaji hodari lakini wavivu wa kushika sepetu haingeweza kutwaa ubingwa, na kila kocha mwenye umri wa miaka kumi na mitano alilifahamu hilo vyema. Refa naye alibeba kadi ya kijani, ya kumtuza mchezaji aliyeonyesha nidhamu kuliko wenzake. Viongozi walikuwa vijana wenyewe. Aliyejitolea kufundisha wadogo, kusimamia mechi au kueneza elimu kuhusu Ukimwi aliweza kulipiwa karo shuleni. Wasichana waliingia katika ligi hiyo mwaka wa 1992, wakati wengi mtaani walidhani soka si mchezo wao, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukakitunuku chama hicho tuzo ya Global 500 ya mazingira. Baadaye idadi ya wanachama ilipita vijana 20,000.

Timu ya wakubwa iliundwa mwaka wa 1994 ili waliokomaa wasilazimike kuhamia kwingine. Mwaka wa 1998, ikiwa bado nje ya Ligi Kuu, ilinyakua Moi Golden Cup. Haikuwa bahati tu, maana mwaka wa 2000 ililitwaa tena, safari hiyo ikiwa tayari imepanda daraja.

Lakini ni haki kukumbuka hali ya soka yetu wakati huo. Gor Mahia ilikaa bila taji la ligi kutoka 1995 hadi 2013, nayo Leopards haijatwaa jingine tangu 1998. Shirikisho lilizongwa na migogoro hadi FIFA ikaifungia Kenya mwaka wa 2004 na tena mwaka wa 2006. Katika vurumai hiyo, klabu iliyokuwa na utaratibu na hazina ya chipukizi ilipata nafasi. Dennis Oliech alitokea huko kabla ya kujiunga na Al-Arabi ya Qatar, kisha Nantes na Auxerre za Ufaransa. Naye alifunga bao Harambee Stars ilipoilaza Burkina Faso 3-0 katika fainali za Kombe la Afrika nchini Tunisia mwaka wa 2004.

Kilele kilifikiwa mwaka wa 2008. Chini ya Francis Kimanzi, aliyewahi kuichezea klabu hiyo, Mathare United iliibuka bingwa wa Ligi Kuu.

Tatizo lake halikuisha kwa taji hilo. Ukipita Mathare siku Gor Mahia inapomenyana na Leopards, utaona wakazi wengi wakivalia kijani au buluu. Timu ya mtaa huheshimiwa na wote, lakini wanaoilipia kiingilio ni wachache. Haina uwanja wake mkubwa, na mchezaji aking'aa huondoka. SportPesa ilipojiondoa katika ufadhili wa ligi mwaka wa 2019, klabu zote ziliyumba, ila isiyo na mwajiri wala umati haikuwa na pa kuegemea. Hatimaye ilishuka daraja, baada ya zaidi ya miaka ishirini miongoni mwa wakuu.

Ilirejea Ligi Kuu katika msimu wa 2024/25, bado bila kabila, bado bila mwajiri.