CHEMA CHAJIUZA, LAKINI FEDHA HUMFIKIA NANI?



Safari hii twaomba ruhusa tuiweke karafuu kando kidogo, tuzungumze juu ya uzi. Katika nyumba nyingi za wanachama, mikono ile ile ichambuayo karafuu mchana, jioni hushika sindano ya kulabu ikafuma vitambaa vya meza na kofia za watoto. Akina mama wametuuliza mara kwa mara mbona kazi hiyo hailipi. Tumeona jawabu jema limo katika habari za visiwa vingine, vya mbali na vya baridi, navyo ni Shetland, kaskazini ya Uskochi.

Visiwa hivyo vyapata 100, lakini vikaliwavyo na watu ni 16 hivi. Upepo wake ni mkali na miti ni michache. Riziki ya wenyeji tangu zamani ni samaki, na kondoo wadogo wenye sufu laini. Sufu hiyo ina rangi zake za kuzaliwa, nyeupe, kijivu, hudhurungi na nyeusi, hata mtu aweza kufuma nguo ya mapambo bila ya kutia dawa ya rangi.

Kazi yenyewe yataka subira. Mwanzo wa kiangazi sufu hulegea mwilini mwa kondoo, na desturi ya zamani ni kuinyofoa kwa mikono pasipo mkasi. Kisha huchambuliwa, kama sisi tutengavyo karafuu na makonyo. Sufu ya shingoni, iliyo laini kupita zote, huwekwa kwa ajili ya shali, na iliyo nzito ni ya soksi na fulana. Huchanwa, husokotwa kwa gurudumu, kisha nyuzi mbili husokotwa pamoja ziwe uzi mmoja wenye nguvu. Wanawake wa kisiwa cha Unst walisifika kwa uzi mwembamba mno. Shali yao, kubwa ya kumfunika mtu mabega, yaweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Ikisha kufumwa hufuliwa, hutandazwa juu ya fremu ya mbao, ikakauka imenyooka.

Wala wanawake hao hawakukaa kitako wakafuma. Kila mmoja alijifunga mshipi wenye kifuko cha ngozi kilichojazwa nywele za farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja huchomekwa humo, mkono ukapata nafasi. Hivyo mtu aliweza kutembea na kikapu mgongoni, kimejaa udongo mkavu wa mabwawani ambao kwao huwashwa kama kuni, na vidole vyake vikifuma njia nzima.

Mwaka 1837 Arthur Anderson, mzaliwa wa Shetland na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya meli ya P&O, alimpelekea Malkia Victoria soksi za kwao. Sifa ikaenea, na mabibi wa miji mikubwa wakazitaka shali zile. Wahenga walisema chema chajiuza, na shali zilijiuza kweli. Sasa tutazame fedha zilikwenda wapi.

Mfumaji aghalabu hakulipwa fedha. Alipeleka shali dukani, mwenye duka akaikadiria thamani, naye akachukua chai au kitambaa kwa bei ya duka lile lile. Asiyetaka kitu siku hiyo alipewa kipande cha karatasi, aje kudai bidhaa baadaye. Januari 1872 mjumbe wa tume ya serikali alikaa Lerwick, mji mkuu wa visiwa hivyo, kusikiliza mashahidi. Ilidhihirika kwamba nyumbani palitakiwa unga na mkononi palikuwa na chai, hata wanawake wakawa wakizunguka kwa majirani kubadilisha chai kwa chakula. Sheria ya mwaka 1887 ilikataza malipo ya namna hiyo hata kwa kazi zifumwazo nyumbani, lakini desturi ile haikufa kwa siku moja.

Wazee wetu hawatastaajabu. Aliyekopa kwa ahadi ya karafuu zingali mtini aijua hadithi hii. Madeni ya wenye mashamba wa Unguja na Pemba yalizidi hata mwaka 1934 zikatolewa sheria za kuwekea mipaka uhamishaji wa mashamba na biashara ya kukopesha fedha.

Liko pia jambo la jina. Shetland iliposifika, watu wa mbali waliuza nyuzi zao kwa jina hilo hilo. Mwaka 2011 sufu ya asili ya visiwa hivyo ilipewa ulinzi wa jina la mahali katika Umoja wa Ulaya.

Basi twawashauri wanachama wafumao mambo matatu.

Kwanza, ujueni uzi mnunuao. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo, kiwashe mbali na nguo. Pamba hunuka kama karatasi iunguayo na huacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele. Uzi wa plastiki huyeyuka, ukipoa wafanya kidonge kigumu. Uzi huu kila ufuliwapo hutoa vinyuzi vidogo sana, navyo huishia baharini tunamovua. Kwa joto letu pamba yafaa zaidi.

Pili, andikeni saa. Tuseme kitambaa kimeuzwa shilingi 15,000, uzi ulikuwa 5,000, na kazi imekula saa 20. Mama amepata shilingi 500 kwa saa. Asiyeandika hudhani amepata 15,000.

Tatu, kataeni kulipwa kwa uzi au bidhaa za duka. Uzeni pamoja, kwa bei moja mliyokubaliana, na kila kitambaa kiwe na jina la kijiji chenu.

Karafuu hatuzitoi mpaka tumeona mizani kwa macho yetu, na saa za mama aliyefuma zastahili kupimwa vivyo hivyo. Katika mkutano ujao wa tawi, kila afumaye aje na kitambaa kimoja na daftari lake, tupange bei pamoja.