Safari Rally ipo kwenye gemu, ila 'APK ya bure' isikuponze

Ukipita Kibaigwa kiangazi, ukatoka kidogo nje ya lami ya Dodoma–Morogoro, unalijua lile vumbi la malori ya mahindi yakielekea soko la nafaka. Vumbi la aina hiyo ndilo linalowatesa madereva wa Safari Rally kule Naivasha, Kenya. Na watengeneza gemu nao wamelitia ndani.

Gemu ya WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari Rally. Cha kuchekesha, rali yenyewe ilikuwa bado haijarudi kwenye ubingwa wa dunia. Ilitoka baada ya 2002, ikapangwa kurudi 2020, corona ikaisogeza hadi Juni 2021. Kwa hiyo mtoto mwenye PlayStation aliikimbia kabla ya Sébastien Ogier, aliyeshinda mwaka huo! Mwaka 2023 ikaja EA Sports WRC, nayo Kenya imo.

Ugumu wake uko wapi? Gemu nyingi za magari unazunguka barabara ileile mpaka unaikariri. Rali haina mzunguko. Unatoka hapa unafika kule, uko peke yako, unashindana na saa. Pembeni yupo msaidizi anayekusomea kona zinazokuja, kwa Kiingereza: upande na namba. Namba 1 ni kona kali sana, 6 ni karibu imenyooka. Ukisikia 'kushoto 2' na bado umekanyaga mafuta, umeshaingia porini.

Kenya inaongeza mawe, pancha na vumbi laini kama unga, linaloitwa fesh-fesh, ambalo linameza tairi. Mvua ikinyesha linageuka tope. Ndiyo maana magari halisi ya Safari hufungwa bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya paa, ili injini isinywe maji wala vumbi.

Sasa tuje kwenye simu yako, maana hapa ndipo watu wanaliwa. EA Sports WRC ni ya PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Toleo la simu halipo. Ukitumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp inayosema 'Safari Rally ya Android, bure', ujue siyo gemu hiyo. Ukiwa na bahati utapoteza bando tu. Usipokuwa nayo, programu itaomba ruhusa ya kusoma SMS zako, na humo ndimo zinamoingia namba za uthibitisho na meseji za pesa za simu. Gemu ya magari inazitakia nini meseji zako? Ikiomba, kataa, kisha ifute. Kama ulisharuhusu, ifute na ubadilishe PIN leo leo.

Ukitaka kitu cha simu ya kawaida, Hill Climb Racing bado ipo. Imetengenezwa na Fingersoft ya Finland tangu 2012. Siyo rali: unapanda na kushuka milima, unachunga mafuta yasiishe, usipinduke. Lakini inacheza hata bila intaneti, na mimi naona inakufundisha kuachia mafuta mapema kuliko gemu nyingi zenye picha kali.

Ipakue Play Store, hakikisha chini ya jina pameandikwa Fingersoft. Ukianza kucheza zima data, matangazo yanapungua na bando linabaki.