Ofa Umepata, Funguo Bado: Kuishi Miezi ya Katikati

Barua ya ofa ya mkopo wa nyumba ikifika, wengi hudhani kazi imeisha. Unaipiga picha, unaitupa kwenye grupu ya familia, shangazi anajibu na emoji saba za maombi, na kabla wiki haijaisha mtu ameshauliza mtahama lini. Lakini kati ya barua hiyo na funguo kuna miezi. Mikataba mingi ya kununua nyumba hapa Kenya huipa shughuli nzima siku 90 tangu kusainiwa, na hiyo ni kama makaratasi yametulia. Miezi hiyo bado unalipa kodi, mtoto bado anataka viatu, na jamaa akikwama bado atakupigia wewe.

Kuomba mkopo kumeelezwa sana. Jinsi ya kuishi ukiungoja, si sana, na hapo ndipo pesa huvuja kupitia simu.

Tuchukue mfano. Mume ni mwalimu, mke anauza mitumba Gikomba, wanakodi Kayole kwa 18,000. Wamepata nyumba Ruai ya shilingi milioni 4. Wamelipa 10%, yaani 400,000, na mkopo ni milioni 3.6. Tuseme riba ni 9.5% kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi litakuwa kama 33,560.

Kwa nini pesa hazitoki siku ile ile ya kusaini? Kwa sababu benki haitoi milioni 3.6 kwa nyumba ambayo hati yake haijafungwa kwa jina lake. Kwanza wakili anatafuta kwenye rejista kama hati ni safi. Mthamini anaenda kuona nyumba. Muuzaji anatafuta vyeti vya kuonyesha hana deni la kaunti wala la ardhi. Mthamini wa serikali naye anaamua thamani ya kutozea ushuru wa stempu. Halafu hati inahamishwa, rehani ya benki inasajiliwa juu yake, ndipo pesa zinatoka. Katikati, wakili wa benki humwandikia wakili wa muuzaji ahadi kwamba usajili ukiisha atalipwa. Muuzaji anaachilia hati yake kwa nguvu ya karatasi hiyo tu, kwa hivyo usishangae akiwa na wasiwasi kuliko wewe.

Sasa, wakati faili linazunguka, wewe bado uko kwenye mtihani. Barua nyingi za ofa zina kifungu kinachosema hali yako ya kifedha ikibadilika, ofa inaweza kuondolewa. Mkopeshaji anaweza kuangalia CRB tena kabla ya kutoa pesa. Kwa hivyo ile sofa ya lipa mdogo mdogo ambayo mmeshaipangia kona yake kule Ruai, iacheni dukani kwanza. Kwa maoni yangu sofa ndiyo adui mkubwa wa miezi hii, kwa sababu hainunuliwi kwa uzembe, inanunuliwa kwa furaha.

Mwalimu wetu ana hatari yake. Sheria ya ajira hairuhusu makato ya mshahara kupita theluthi mbili, na mkopeshaji huangalia payslip kwa jicho hilo. Akichukua mkopo mdogo wa Sacco wa karo mwezi huu, nafasi iliyokuwa imehesabiwa kwa ajili ya nyumba inaliwa. Na akimdhamini mwenzake wa stafrum? Akiba yake inafungwa, na mwenzake akishindwa kulipa, makato yanamgeukia yeye. Kukataa kunauma, najua. Mwambie tu, "Faili langu liko benki, siwezi kuguza chochote hadi litoke." Mwalimu mwenzako ataelewa.

Mke naye hana payslip. Payslip yake ni stetimenti ya till. Miezi sita ya wateja wakilipa 300 hapa, 1,200 pale, ndiyo iliyoifanya benki iamini kwamba kibanda kina pesa. Akianza sasa kuambia wateja watume kwa namba yake ya kawaida ili kukwepa ada ndogo, karatasi itaonyesha biashara imekufa mwezi Machi. Mauzo yaendelee kupita palepale. Pesa za nyumbani aziondoe mara moja kwa wiki kama mshahara wake, zisiwe zinachomoka kidogo kidogo kulipia unga, tokeni za stima na nauli.

Kuhusu Fuliza tusidanganyane, watu wataitumia. Kufuliza 200 ufike nyumbani na kulipa kesho si msiba. Tatizo ni stetimenti inayoonyesha kwamba kila tarehe 12 salio limeisha na kila pesa inayoingia inamezwa na deni la jana. Mikopo ya simu iliyosahaulika ni mbaya zaidi, kwa sababu ikichelewa inaweza kufika CRB. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Wiki hii ni wakati mzuri wa kuichukua.

Kuna gharama ambayo mkopo mara nyingi haugusi, na hii ndiyo hukamata watu. Ushuru wa stempu mjini ni 4% ya thamani, mashambani ni 2%. Kwa nyumba yetu ya milioni 4 hiyo ni 160,000, na mthamini wa serikali akisema nyumba ni ya milioni 4.3, inapanda hadi 172,000. Kusajili rehani yenyewe kunatozwa 0.1%, yaani 3,600. Bado mawakili. Wanaonunua nyumba yao ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru huo, kwa hivyo muulize wakili mapema kama uko upande gani.

Itatoka wapi hiyo 160,000? Sehemu inaweza kutoka kwa mazoezi. Rejesho lenu litakuwa 33,560 na kodi ni 18,000, kwa hivyo kila mwezi chukueni tofauti, 15,560, muifungie kwenye akiba ya simu isiyotoka kabla ya tarehe. Miezi mitatu ni 46,680. Na kama mwezi wa pili mmeshindwa kuiweka kando, mmejua mapema kwamba bajeti inabana, mkiwa bado na nafasi ya kuuliza benki kuhusu muda mrefu zaidi. Mama akiwa kwenye chama, aombe kubadilishana zamu ili apokee mwezi ule wa ushuru. Wanachama hukubali mambo hayo ukisema mapema na ukisema sababu.

Halafu kuna matapeli, na wao hupenda sana watu wanaongoja. Mtu anayepiga kalenda kila siku atamwamini yeyote anayesema anaweza kuharakisha faili. Malipo ya eCitizen yana Paybill moja, 222222. Ukiambiwa utume "ya kuharakisha" kwa namba ya mtu binafsi, hiyo si ada ya serikali. Ujumbe au barua pepe ikikuambia akaunti ya wakili imebadilika, usijibu pale pale. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usikie sauti unayoijua, ndipo ulipe. Na kumbuka M-Pesa ina kikomo cha 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku, kwa hivyo malipo makubwa yapangie siku, usiyaanze saa kumi jioni siku ya mwisho.

Mwenye nyumba wa Kayole je? Usimpe notisi kwa sababu wakili amesema "wiki ijayo". Wiki ijayo ya msajili wa ardhi si wiki ijayo yako. Ngoja usajili uthibitishwe na tarehe ya funguo iandikwe, hata kama utalipa kodi ya mwezi mmoja wa ziada. Hiyo 18,000 ni nafuu kuliko kuhifadhi vitanda kwa shemeji.

Kitu kimoja unaweza kufanya kuhusu nyumba ya zamani hata leo: ulizia diposti yako itarudishwa vipi na lini, kwa meseji, ili jibu libaki limeandikwa. Pesa ya kupaka rangi huwa ya kwanza kukatwa, kwa hivyo piga picha za kuta zote, na sinki pia.