Mkono wa Kushoto wa Rubani wa Anga

Vijana wa klabu ya sayansi huko Mgwashi, katika milima ya Usambara Magharibi, waliniuliza swali ambalo mwanzoni nililiona kuwa la mchezo tu. Walikuwa na kompyuta moja kuukuu, mchezo wa kuendesha chombo cha anga, na fimbo moja ya kuongozea iliyoshikwa kwa mkono wa kulia. Fedha walizochanga zilitosha kununua kifaa kimoja zaidi cha mkono wa kushoto. Je, wanunue wenzo wa mafuta kama ule wa rubani wa ndege, au wanunue fimbo ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza? Nusu ya kundi ilisema hivi, nusu ilisema vile, na ubishi ulikuwa umekaribia kuleta manung'uniko.

Swali hilo si la mchezo. Wahandisi wa vyombo halisi vya anga walikabiliwa nalo, na majibu yao ya mwanzo na ya baadaye hayakuwa sawa. Katika makala hii tutatazama kwanza fizikia ya jambo lenyewe, kisha tutaona yaliyowapata marubani, ndipo turudi kwenye kompyuta ya Mgwashi.

Msomaji na achukue boksi la chaki, alishike hewani mbele yake. Boksi hilo laweza kusogezwa mbele au nyuma, kushoto au kulia, juu au chini, bila kugeuzwa hata kidogo. Hiyo ni miondoko mitatu, nasi tutaiita mhamo. Tena, bila kuliondoa mahali lilipo, boksi hilohilo laweza kuinuliwa au kuinamishwa pua, kugeuzwa pua kulia au kushoto, na kubingirishwa ubavu. Hiyo nayo ni miondoko mitatu, nayo ni mzunguko. Jumla ni sita, wala hakuna wa saba; mwondoko mwingine wowote utakaoubuni ni mchanganyiko wa hiyo sita.

Dereva wa basi lipandalo kutoka Mombo kwenda Soni hatumii yote sita. Barabara imekwisha kumchagulia mingi: hawezi kulisogeza basi ubavu kuelekea bondeni bila kuligeuza, na akifanya hivyo ni ajali. Usukani mmoja na kanyagio za mafuta na breki vyamtosha. Rubani wa ndege ana zaidi. Fimbo yake huinua pua na kulaza mabawa, kanyagio za miguu hugeuza pua, na wenzo wa mafuta huongeza au kupunguza nguvu za injini. Hiyo ni minne. Sogezo la ubavu na la juu hazipati kwa mpini wake wowote. Huzipata kwa kuilaza ndege na kuiacha hewa imbebe.

Katika anga za juu hakuna barabara wala hewa ya kubeba bawa. Chombo kikitakiwa kusogea mita moja kushoto ili mlango wake ulingane na mlango wa chombo kingine, sharti kiwe na kiroketi kidogo cha kukisukuma kushoto, na sharti rubani awe na njia ya kukiamuru. Miondoko sita, amri sita. Fimbo nzuri ya mkono mmoja huchukua mitatu: kulazwa mbele na nyuma, kulazwa kulia na kushoto, na kusokotwa. Mitatu iliyobaki inaungoja mkono wa kushoto.

Hapo ndipo tofauti ya wenzo na fimbo inapojitokeza, na chanzo chake ni inesha, yaani tabia ya kitu kubaki katika mwendo wake mpaka kani ikibadili. Tuseme chombo kina tungamo la kilogramu 1,000, na kiroketi chake husukuma kwa kani ya niutoni 100. Mchapuko wake ni mita 0.1 kwa sekunde kila sekunde. Rubani akibonyeza kwa sekunde 5 na kuachia, chombo kitakwenda kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde, na kitaendelea hivyohivyo. Baada ya dakika moja kitakuwa kimesafiri mita 30, bila tone la mafuta kuongezwa. Ili kisimame, hana budi kubonyeza kinyume kwa sekunde 5 nyingine.

Wenzo wa mafuta umetengenezwa ubaki pale ulipoachwa. Katika ndege hiyo ni faida, kwa sababu hewa inaipinga ndege wakati wote, na injini lazima isukume wakati wote ili mwendo udumu. Lakini rubani wetu wa anga akiusogeza wenzo kidogo, kisha akaondoa mkono ili ajikune sikio, kiroketi kitaendelea kusukuma. Kwa dakika moja chombo kitafikia mwendo wa mita 6 kwa sekunde na kitakuwa kimekwenda mita 180. Fimbo yenye springi hurudi katikati inapoachwa. Mkono ukiondoka, kani nayo huondoka. Aidha wenzo wa kawaida una njia moja tu, mbele na nyuma, ilhali tunahitaji tatu.

Sasa tuone ushahidi wa vyombo halisi. Wa kwanza haupo mbali nasi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury kisiwani Unguja, kimojawapo katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia. Kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, wasikilizaji wa Unguja walizungumza naye kwa redio yapata nusu saa baada ya kuruka kwake. Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza kiroketi kimoja cha kugeuzia pua kilianza kumsumbua, naye akaongoza kwa mkono sehemu kubwa ya safari iliyobaki. Mkono huo ulikuwa mmoja, wa kulia, wenye fimbo ya njia tatu kama nilivyoieleza. Kushoto kwake palikuwa na mpini wa dharura wa kukatiza safari roketi ikiharibika wakati wa kupaa.

Kwa nini mkono mmoja ulitosha? Kwa sababu chombo cha Mercury hakikuweza kuhama. Kiliweza kugeuka tu huku kikifuata njia kiliyorushiwa, na mwishoni roketi tatu za kupunguza mwendo zilikirudisha duniani. Alikuwa abiria mwenye uwezo wa kuchagua dirisha litazame wapi.

Hata hivyo, mkono huo mmoja ulikuwa na mtego. Fimbo ileile iliweza kuamuru mifumo miwili ya viroketi, kila mmoja na tangi lake, na swichi ndizo zilizoamua upi umeunganishwa. Scott Carpenter, aliyeruka tarehe 24 Mei 1962, aliwasha mfumo mmoja bila kuuzima mwingine. Kila alipoisogeza fimbo, matangi mawili yalipungua pamoja. Ulipofika wakati wa kurudi mafuta yalikuwa machache, pua ya chombo haikuelekea sawasawa, na roketi za kurudishia ziliwaka zikiwa zimechelewa sekunde chache. Alitua baharini kilomita 400 hivi kupita mahali alipongojewa. Aliokolewa salama. Namtaja kwa sababu kosa lake ndilo linalomngoja kila kijana atakayeweka vipini viwili kwenye kompyuta bila kuhakikisha kila kimoja kinaamuru nini.

Uwezo wa kuhama uliletwa na chombo cha Gemini. Tarehe 23 Machi 1965 Virgil Grissom na John Young wakawa watu wa kwanza kubadili njia ya chombo chao wakiwa angani, na papo hapo mkono wa kushoto wa kamanda ukapata kazi: mpini wa mhamo upande wa kushoto, wa mzunguko katikati, baina ya viti viwili. Kupata mpini si kujua kuutumia. Miezi mitatu baadaye, mwezi Juni, James McDivitt alijaribu kulikaribia ganda la roketi lililomfikisha angani. Alilielekezea pua, akasukuma mbele, nalo likazidi kumtoroka. Anayeongeza mwendo akiizunguka dunia hupanda kwenye njia ya juu zaidi, na njia ya juu ina mwendo mdogo. Hivyo husalia nyuma. (Mwalimu wa fizikia atapata hapa swali zuri la mtihani, ingawa wanafunzi hawatampenda siku hiyo.)

Apollo iliendeleza mpango huohuo: mzunguko kulia, mhamo kushoto. Katika chombo kikuu mpini wa kushoto ulikuwa na umbo la herufi T. Haukulazwa kama fimbo bali ulisukumwa ndani na kuvutwa nje, ukapelekwa juu na chini, kushoto na kulia. Mkono ulifanya hasa kile ambacho chombo kingefanya. Nao ulikuwa wa kuwasha na kuzima tu, si wa kupimia nguvu. Jambo hili tulikumbuke, maana litatusaidia kuokoa fedha.

Lakini chombo kidogo kilichotua mwezini ndicho kinachowapatanisha wabishi wa Mgwashi. Chombo hicho kilikuwa na viroketi 16 vya kugeuza na kuhamisha, na pia injini kubwa ya kushukia ambayo nguvu zake ziliweza kuongezwa na kupunguzwa. Kwa hiyo kilihitaji vyote viwili, wenzo wa mafuta na mpini wa mhamo, na mkono wa kushoto ulikuwa mmoja. Wahandisi walitengeneza mpini mmoja wenye kishikizo cha kuchagulia: kikiwekwa upande mmoja, kuupandisha na kuushusha mpini kuliamuru injini kubwa, kikiwekwa upande wa pili, kuliamuru viroketi vidogo. Waliosema wenzo hawakukosea basi. Walikuwa wakifikiria kutua mwezini, ilhali wenzao walikuwa wakifikiria kuunganisha vyombo viwili. Neil Armstrong mwenyewe, akitua tarehe 20 Julai 1969, alimalizia mteremko kwa swichi ndogo ya kidole iliyobadili mwendo wa kushuka kwa sentimita 30 kwa sekunde kila ilipoguswa, huku kompyuta ikiipimia injini nguvu.

Wasovieti nao walifika palepale. Katika Soyuz mpini wa kushoto ni wa mhamo na wa kulia ni wa mzunguko. Vipini viwili vya namna hiyo ndivyo alivyovishika Vasily Tsibliyev ndani ya kituo cha Mir tarehe 25 Juni 1997, akikiongoza kutoka mbali chombo cha mizigo cha Progress kwa kutazama picha ya televisheni. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa tani kadhaa, nacho kilionekana kwa shida mbele ya mawingu ya dunia yaliyokuwa nyuma yake. Mwendo wa kukaribia ulikuwa mgumu kuukadiria. Kilikigonga kituo, hewa ikaanza kuvuja katika chumba cha Spektr, na wenzi wawili wa Tsibliyev wakakimbilia kukata nyaya zilizopita mlangoni na kukifunga. Ukumbi wa darasa hauvuji hewa, lakini inesha ya mchezo mzuri ni ileile.

Turudi sasa kwenye ununuzi. Ushauri wangu kwa anayetaka kuunganisha vyombo na kuhamahama karibu na kituo ni fimbo ya pili yenye springi. Mbele na nyuma ya fimbo iwe mbele na nyuma ya chombo, ubavu uwe ubavu. Juu na chini vipewe msokoto au kitufe cha kidole gumba kilichoko kichwani mwa fimbo. Mimi napenda kitufe, kwa sababu mkono ukisokota hauachi kulaza kidogo, na chombo hukimbilia pembeni pasipo kuamriwa. Zipo fimbo nyingi zilizochongwa kwa kiganja cha kulia, kushoto hazishikiki. Itafutwe iliyo sawa pande zote mbili. Wenzo wa mafuta ununuliwe na yule ambaye mchezo wake unatumia muda mwingi kwenye injini kubwa, kupaa na kutua, au kuruka katika hewa.

Kabla ya hapo yafanyike majaribio yasiyo na gharama. Tuliona kwamba mpini wa mhamo wa Apollo ulikuwa wa kuwasha na kuzima. Basi vibonye vya kibodi vyaweza kuiga kazi yake bila aibu. Katika mchezo wa Kerbal Space Program, H ni mbele na N ni nyuma, J na L ni kushoto na kulia, I na K ni chini na juu: vibonye sita, mkono mmoja. Katika Orbiter, mchezo usiolipiwa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na Martin Schweiger wa London, kibonye kimoja hubadili amri zote kutoka mzunguko hadi mhamo. Hiyo ni njia ya watu wenye fimbo moja, nayo inafaa, ila mtego wa Carpenter umo ndani yake: mchezaji husahau yuko katika hali ipi. Tena si kila mchezo unaokubali fimbo mbili kwa pamoja, na hilo lafaa kujulikana kabla ya kulipa.

Vijana wa Mgwashi walikubali kuziweka fedha kwanza. Mmoja alishika fimbo kwa mkono wa kulia na vibonye kwa wa kushoto, mwenzake akasoma umbali na mwendo kwa sauti, wa tatu akahesabu ni mara ngapi viroketi viliwashwa. Jaribio la kwanza walikigonga kituo. La pili wakakipita. Mchana ule ulipokwisha walikuwa wamekwisha kugundua kwamba aliyewasha mara chache zaidi ndiye aliyefika kwa utulivu zaidi, na ubishi wa wenzo na fimbo ulikuwa umegeuka kuwa ubishi wa nani ashike zamu inayofuata.