Touran ya cc 1600 kwa barabara za Kahama na Geita: bei ndogo, hesabu kubwa

Ukipitia mitandao ya wauza magari ya Japani utakutana na Volkswagen Touran (kule wanaiita Golf Touran) za mwaka 2004 hadi 2007. Viti saba, bodi nzito, milango inafungika kwa mlio wa heshima, na bei mara nyingi iko chini ya Toyota Wish au Noah ya umri uleule. Mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita mwenye watoto wanne na mama mkwe anajiuliza: hawa Wajapani wamerogwa, au kuna kitu mimi sikioni?

Hajarogwa mtu. Japani gari ya petroli ikipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapandishwa, na kila miaka miwili lazima ipite ukaguzi wa gharama. Gari ya Ulaya spea zake hata kwao ni ghali kuliko Toyota, kwa hiyo mwenye nayo anaiondoa mapema. Inaangukia kwetu ikiwa safi machoni na imechoka ndani. Tuichambue taratibu.

KODI KWANZA

Wengi wanachagua ya cc 1600 wakidhani wanakwepa kodi. Sivyo. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini zote kuanzia cc 1001 hadi 2000, kwa hiyo 1600 na 2000 ziko kapu moja. Gari iliyofikisha miaka 10 inaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya vyote. Piga hesabu: kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari yenyewe. Na hiyo thamani wanaipanga TRA, si ile bei uliyonunulia. Kabla hujatuma hela ingia kwenye kikokotoo chao mtandaoni uone kwa macho yako.

INJINI YENYEWE

Touran ilianza kutengenezwa Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 2003. Zile za bei ya chini zilizouzwa Japani zina injini ya 1.6 FSI, nguvu ya farasi kama 115. Gari tupu ina tani moja na nusu na ushee. Linganisha na Wish ya 1.8: farasi 132, uzito takriban kilo 1,300. Yaani Touran ina nguvu ndogo na mzigo mkubwa zaidi, kabla hujapakia mtu hata mmoja.

Sasa ongeza jiografia. Shinyanga na Geita ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Ile 115 inakuwa kama 100 hivi. Washa kiyoyozi, jaza watu saba, weka gunia la mchele wa Kahama nyuma (viti vyote vikisimama buti ni kama mfuko wa shati), halafu jaribu kulipita lori kati ya Tinde na Isaka. Nguvu yake kamili ya kuvuta inapatikana injini ikifika mizunguko 4,000, kwa hiyo lazima uikanyage. Ukiikanyage hivyo kila siku, ule unafuu wa wese uliousikia kijiweni hauuoni tena. Injini ndogo inayolazimishwa kufanya kazi kubwa haili kidogo.

SINDANO NA PETROLI YA CHUPA

FSI maana yake petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha inayofika bar 100 hivi. Injini nyingi za Toyota tulizozoea hupiga kwenye mlango wa hewa kwa bar 3 au 4 tu. Tofauti hii ndiyo roho ya habari yote.

Kwanza, presha kubwa inataka petroli safi. Uchafu na maji vinaumiza pampu na injekta, ambazo ni za bei mbaya. Ukiwa Nyarugusu, Lwamgasa au Mwakitolyo, sehemu ambako mtu anaweza kukuuzia petroli ya kwenye chupa au dumu, FSI si gari ya kuijaribia. Wenyewe Wajerumani waliipendekezea petroli ya oktani ya juu.

Pili, kwenye injini ya kawaida petroli inaosha valvu za kuingiza hewa kila inapopita. Kwenye FSI haipiti pale. Masizi yanajijenga polepole, gari inaanza kumisi asubuhi, inakosa nguvu, taa ya injini inawaka. Fundi asiyejua atakubadilishia plagi, koili, sensa, na hela inakwenda, kumbe dawa ni kufungua na kusafisha valvu.

Tatu, ina cheni badala ya mkanda. Watu wanafurahi kwamba cheni haibadilishwi. Ya 1.6 FSI inajulikana kwa kurefuka, hasa oili ikicheleweshwa. Ulaya waliruhusu hata kilomita 30,000 kabla ya kumwaga oili. Kwenye vumbi na joto letu, kilomita 5,000 hadi 7,500 inatosha, na iwe oili yenye kiwango cha VW 502 00. Isiwe ile ya dumu lisilo na jina.

GIABOKSI

Hizi za 1.6 FSI za Japani zina otomatiki ya kawaida ya gia 6. Ni nzuri, ila mafuta yake yakizeeka inaanza kugonga ikibadilisha gia. Usiamini anayekwambia mafuta hayo ni ya maisha. Ukiona Touran ya baadaye kidogo yenye 1.4 TSI na DSG ya gia 7, shika breki: mwaka 2013 Volkswagen iliita magari kwa wingi duniani kwa sababu ya giaboksi hiyo. Uliza kama ilirekebishwa.

Zipo pia zilizotoka Uingereza zenye 1.6 ya zamani, valvu 8, farasi 102. Ni nzito kukimbia, lakini haina mambo ya presha kubwa. Kwa mazingira yetu hiyo ni afadhali, mradi mkanda wake ubadilishwe kwa wakati, maana ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

UKITAKA KUNUNUA, ANGALIA HAYA

1. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Ukisikia mkwaruzo wa cheni kwa sekunde kadhaa, ondoka.
2. Fundi aipime na mashine inayoongea na VW vizuri, siyo kile kidude cha kusoma kodi za jumla tu.
3. Fungua chupa ya rejeta injini ikiwa baridi. Maji yake yanatakiwa yawe ya rangi ya waridi au zambarau. Ukikuta maji ya bomba au ya kutu, jua ilishachemsha au iko njiani. Vifaa vingi vya mfumo wa maji ni plastiki, na plastiki ya miaka 20 inapasuka.
4. Pita nayo kwenye matuta ukiwa umejaza watu. Tumbo liko chini, na bushi za nyuma ni nyingi.
5. Kabla ya kulipa, piga simu maduka ya spea ya Kahama, Mwanza na Kariakoo. Ulizia pampu ya mafuta, injekta na cheni. Jibu likiwa "tuagize", hesabu na siku gari itakazolala gereji.

HITIMISHO

Touran siyo gari mbaya. Kwenye lami, mtu mwenye fundi anayeijua na akiba pembeni, ataifurahia. Imetulia barabarani kuliko nyingi za Toyota. Ila isiwe gari yako pekee, na usiinunue uigeuze mchomoko wa abiria.

Mwaka 2021 Buzwagi ulifungwa pale Kahama. Mgodi una mwisho, mkataba na mkandarasi una mwisho, na mwamba wa mchimbaji mdogo nao unakata. Siku mshahara ukikatika, swali haliwi gari ilikuwa na viti vingapi. Linakuwa: ikiharibika leo, naweza kuitengeneza kwa hela niliyonayo mfukoni, kwa spea iliyopo mjini? Kwa Wish au Noah jibu mara nyingi ni ndiyo. Kwa Touran ya cc 1600, tenga pembeni hela ya matengenezo kabla ya kununua. Kama huna, basi ile tofauti ya bei si faida, ni deni ambalo halijaanza kudaiwa.

Wenye nazo mjitokeze hapo chini mtupe ushuhuda, mazuri na mabaya. Na kama kuna fundi wa uhakika wa FSI kanda hii, waelekezeni wenzenu.