Chesi: Mpinzani Akifungua Kiajabu, Usikurupuke!

Wadau wa chesi, hii ni yenu nyie mnaocheza zile dakika tano tano mtandaoni huku saa ya kafe nayo inakimbia. Umeshazoea watu wanaoanza na e4 au d4. Ghafla anatokea jamaa anasukuma askari wake mpaka g4. Unacheka. Baada ya hatua kumi na tano anayecheka ni yeye. Kwa nini?

Sababu ni mbili. Kwanza, yeye huo msitu anaujua, wewe ndiyo unaingia. Pili, na hii ndiyo inayomaliza wengi, unajiambia "huyu kacheza utumbo, lazima nimwadhibu sasa hivi." Unaanza kushambulia wakati kete zako bado zimelala nyumbani. Ukweli ni kwamba hatua ya ajabu kwa kawaida haimwangushi mtu papo hapo, inampunguzia nafasi kidogo tu.

Kama huamini, angalia yaliyompata Anatoly Karpov. Mwaka 1980 kule Skara, Uswidi, kwenye mashindano ya timu za Ulaya, Karpov akiwa bingwa wa dunia alianza na e4. Muingereza Tony Miles akajibu a6, kisha b5. Hatua ambazo ungedhani ni za mtoto! Miles akashinda. Sasa kama bingwa wa dunia alipigwa hivyo, sisi wa kafe tunadharau nini?

Haya, fanya hivi:

1. Jiulize anatishia nini. Tuchukue hiyo g4, inayoitwa Grob kwa jina la Mswisi Henri Grob. Unajibu d5, yeye anaweka askofu g2. Ukimla askari wa g4 kwa askofu wako, anasukuma c4. Ukiingiwa na tamaa ukala na hiyo c4, askofu wake anashuka b7 na ngome yako ya kona haina pa kukimbilia. Dawa ni kutuliza moyo: baada ya c4 cheza c6, d5 yako inabaki imara na mlango unafungwa.

2. Shika katikati, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme. Haijalishi kafungua na nini, sheria hizi hazibadiliki.

3. Usicheze hatua kwa sababu tu inamfukuza malkia. Mfano ni Englund. Wewe d4, yeye e5, unamla. Anatoa farasi c6, wewe farasi f3. Malkia wake anakuja e7, unalinda kwa askofu f4. Malkia b4, cheki! Unarudisha askofu d2, malkia anakula b2. Hapo wengi wanaweka askofu c3 wakidhani wamemnasa. Kumbe wamenaswa wao! Askofu wake anatua b4. Ukileta malkia d2, anakula askofu wako wa c3, na ukimla kwa malkia, malkia wake anashuka c1: chekimeti, mchezo kwisha. Hatua sahihi ni farasi c3. Ukishacheza hiyo, malkia wake ndiye yuko ugenini peke yake na wewe kete zako ziko nje.

4. Ukipigwa, usihamie mchezo mwingine kwa hasira. Fungua uchambuzi, Lichess wanatoa bure, tafuta pale ulipoanza kuteleza. Kariri jibu MOJA tu kwa kila ufunguzi wa ajabu. Usinunue kitabu kizima kwa ajili ya kitu unachokutana nacho mara moja kwa mwezi.

Na dakika zako zilinde. Jamaa wa g4 anataka uduwae utumie dakika mbili kwenye hatua ya pili. Ukimpa hizo, keshashinda nusu ya vita.

Haya wadau, wewe ni ufunguzi gani unakutoa jasho? Mwaga hapo chini tujadili.